Barua ya wazi kwa wakuu wa mieleka: rudisheni uzito wa pigo

Kwa Bwana Paul Levesque wa WWE na Bwana Tony Khan wa AEW, kampuni za mieleka za Marekani, pamoja na waandaaji wa mapambano, makocha, waamuzi na waongozaji wa matangazo walio chini yenu.

Salaam nyingi kutoka Afrika Mashariki.

Sisi ni mashabiki wa mieleka wa miaka mingi. Raw, onyesho la kila wiki la WWE, ikianza saa mbili usiku kule New York, huku ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne. Majira yenu ya baridi yakiingia, ni saa kumi alfajiri. Mtu haamki saa hizo kwa ajili ya fataki na muziki wa kuingilia. Anaamka kuwaona watu wanaoijua kazi yao. Hatuandiki kuuliza kwa nini fulani kapewa mkanda na fulani kanyimwa. Hayo ni ya wenye kampuni. Tunaandika kuhusu kazi yenyewe ndani ya kamba na jinsi inavyotufikia kwenye skrini, kwa sababu kuna kitu kinapotea kidogo kidogo, nacho ni uzito wa pigo.

Kwanza tulimalize hili la kwamba mieleka ni maigizo. Mshindi hupangwa, na huku kwetu hata mtoto wa shule ya msingi analijua hilo. Mbao hazipangwi. Ulingo wa WWE una futi 20 kila upande, yaani kama mita sita. Chini kuna vyuma, juu ya vyuma kuna mbao, juu ya mbao sponji nyembamba, kisha turubai. Anayebwagwa chali hukunja kidevu kifuani, huachia pumzi, na hutua kwa mgongo wa juu wote kwa mara moja, mikono imenyooka kando na viganja vikiipiga turubai ili mshtuko usambae mwilini. Akichelewa kukunja kidevu, kisogo hutangulia. Akitanguliza kiganja au kiwiko ili kujikinga, bega ndilo hulipa. Hata kamba zina habari yake: za WWE ni kamba hasa zilizoviringishwa utepe, lakini kampuni nyingine nyingi hutumia waya wa chuma uliovishwa mpira, na anayejirusha juu ya waya huo kwa kasi anarudi chumba cha kubadilishia nguo na michubuko mbavuni. Mtu anayekubali maumivu hayo kila wiki anastahili pigo lake lionekane lina maana.

Sasa tuseme wapi maana hiyo inavujia.

Mahali pa kwanza ni kiungo kinachoshambuliwa. Pambano la dakika kumi na tano linaanza, adui anamshika stelingi mguu wa kushoto. (Marekani wanamieleka hushambulia upande wa kushoto kwa mazoea ili kila mmoja ajue mwenzake atakuja upande gani, Meksiko ni kulia.) Anaugongesha mguu kwenye nguzo ya kona, anaukunja, anaukanyaga goti kwa dakika nane nzima. Halafu zamu ya stelingi inafika: anakimbia kamba hadi kamba, anapanda kona, anaruka, anatua kwa miguu yote miwili, anampiga mpinzani teke kwa mguu uleule wa kushoto. Dakika nane zote zimefutika. Mtazamaji aliyekuwa anahesabu maumivu yale kama akiba ya baadaye amejifunza jambo moja: wiki ijayo asihesabu.

Hatumaanishi kwamba mtu achechemee mpaka pambano lipooze. Dawa yake inajulikana na makocha wenu wanaijua kuliko sisi. Kishambuliwe kiungo kimoja, tena kile ambacho mpinzani anakihitaji kwa pigo lake la kumalizia. Kama pigo lake ni la kumwinua mtu begani, shambulia mgongo au goti. Baadaye, akiwa na moto, aachwe aendelee kushambulia, lakini kila anapokitumia kiungo kile, gharama ionekane baada ya pigo: amempata mpinzani, ila sekunde tatu zimepotea akishika goti, na kwa sababu ya sekunde hizo tatu hesabu ya mwamuzi imeishia mbili badala ya tatu ya ushindi. Jaribio la pili anambeba, mguu unakataa, anamwachia. La tatu anabadilisha njia na kutumia kitu kingine. Hapo maumivu yanakuwa ndiyo yanayoamua pambano linaelekea wapi.

Mfano upo, na ni wa kwenu. Tarehe 22 Agosti 2015, katika ukumbi wa Barclays Center, Brooklyn, Sasha Banks alimkabili Bayley kwenye onyesho la NXT, tawi la WWE la kukuzia vipaji. Bayley alikuwa na mkono ulioumia na kufungwa kinga. Banks aliukazania mkono huo, akaivua ile kinga. Baadaye, Bayley akiwa amebanwa na kukunjwa shingo, akauinua mkono kutafuta kamba, na Banks, bila kuachia ule mbano, akaukanyaga mkono uleule kwa mguu. Hakuna mtu aliyeruka kutoka juu ya ngazi wala kuvunja meza, lakini ukumbi wote ulipiga kelele kama watu wamekanyagwa wao. Wale waliokuwa wakidai kwamba mieleka ya wanawake ni ya kujazia muda walipata jibu lao usiku ule, na jibu lilitokana na mkono mmoja kushughulikiwa kwa mpangilio kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Mahali pa pili, na hapa ndipo tunapoumia zaidi, ni pigo la kumalizia.

Miaka ya 1980 Jake Roberts alikuwa na DDT. Alimkaba mpinzani kichwa chini ya kwapa, akajiangusha chali, na paji la uso la mwenzake likagonga turubai. Basi. Waliokuwa wamekaa walisimama pindi alipoonyesha ishara tu, kwa sababu likitua, pambano limekwisha. Leo DDT ni pigo la katikati, mtu anapigwa nalo na anasimama kabla mpigaji hajasimama. Canadian Destroyer, lile la kumpindua mtu sarakasi nzima hadi kichwa kikagonga chini, lilikuwa pigo la kumalizia la Petey Williams kule kampuni ya TNA, na watu walilisubiri pambano zima walione mara moja. Sasa tunaliona kwenye pambano la katikati ya wiki, kisha mpigwaji anachomoka, yaani anainua bega kabla ya tatu, kwenye hesabu ya mbili na maisha yanaendelea. Mkishalipunguza pigo thamani, hamna njia rahisi ya kulirudishia, mtalazimika kubuni jingine la hatari zaidi. Na hilo jingine nalo litatua kwenye shingo ya mtu.

Kumbukeni tarehe 5 Aprili 2009, Houston, WrestleMania ya 25, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka. Undertaker alimpiga Shawn Michaels ile Tombstone, pigo lake la kumalizia, akamkunja mikono kifuani kama kawaida yake, mwamuzi akahesabu, na Michaels akachomoka. Kamera ikamwendea Undertaker: macho yamemtoka, mdomo wazi. Uso ule ulisema kila kitu kwa sababu kwa miaka mingi ni wachache mno waliowahi kuchomoka kwenye pigo hilo. Kuchomoka kule kulikuwa na thamani iliyowekwa akiba kwa miaka, ikatumika usiku mmoja. Mkifanya vivyo hivyo mara tatu katika kila pambano kubwa, mnatumia fedha ambayo hamjaiweka.

Kenny Omega analielewa hili. Pigo lake la One Winged Angel amelilinda hivi kwamba karibu hakuna aliyechomoka. Wanaochomoka huchomoka kabla halijatua: mpinzani anateleza kutoka mabegani, anashika kamba, anageuza uzito. Matokeo yake, akimwinua mtu begani tu, ukumbi unashika pumzi. Huko ndiko mashaka yanakotakiwa kuwa, kabla ya pigo. Tunaomba kila mwanamieleka wa juu awe na pigo moja la namna hiyo, na kuchomoka kwake kuhitaji ruhusa ya mkuu wa waandaaji, kwa sababu inayoweza kuelezwa kwa sentensi moja.

Kuhusu kupunguza wingi wa mapigo, shule nzuri ipo Japani. Kampuni ya New Japan huwaanzisha vijana wao wakiwa na chupi nyeusi na buti nyeusi, bila jina la mbwembwe wala muziki wa kishindo, na mapigo machache mno: kabari, kofi la kifuani, bega kwa bega, kubwaga, na ule mkunjo wa kumgeuza mtu kifudifudi na kumvuta miguu hadi mgongo ukapinda, ambao kwa wengi wao ndio wa kumalizia. Kijana akiwa na vitu vitano tu hana budi kujifunza kuvifanya vitano hivyo viaminike. Hasira, uchovu, kukataa kugonga turubai kusalimu amri, kujikokota kuitafuta kamba sentimita kwa sentimita, vyote hivyo anajifunza kwa sababu hana pengine pa kukimbilia.

Tusieleweke vibaya kuhusu kasi. Kasi haina kosa. Ricky Steamboat na Randy Savage, Pontiac Silverdome, 29 Machi 1987, walipigana chini ya dakika kumi na tano tu na hesabu za mbili zilifuatana kwa fujo. Savage alilipanga pambano lile hatua kwa hatua kabla ya siku yenyewe. Lakini tazameni kilichowabeba: miezi kadhaa nyuma Savage alikuwa amemuumiza Steamboat koo kwa kengele ya ulingoni. Kwa hiyo Steamboat alipomkaba Savage koo na kumwinua juu, kila mtu alijua anadai nini. Na mwishoni, Savage alipoichukua tena kengele ileile na kupanda nayo kona, George Steele, aliyekuwa upande wa Steamboat, akamsukuma akaanguka. Savage akajaribu kumbwaga Steamboat, Steamboat akamkunja kama kifurushi kidogo, mabega chini, moja, mbili, tatu. Pambano la kasi kubwa likamalizika kwa mkunjo mwepesi kabisa, na watu wakaridhika, kwa sababu kila kitu kilikuwa na chanzo. Wanaoiga kasi yao leo wanaichukua kasi na kuacha kengele.

Tuje kwenye mapambano ya wawili kwa wawili, ambako sheria ndiyo inayozaa hadithi nzima. Aliye nje anatakiwa asimame kona yake, ashike kile kipande cha kamba kilichofungwa hapo, aguswe mkono ndipo aingie. Anayetoka ana hesabu ya tano. Kutokana na sheria hizo chache, Ricky Morton na mwenzake wa Rock 'n' Roll Express waliwafanya watu walie. Morton alitengwa na kona yake, akapigwa dakika sita, saba. Alikaribia kugusa mkono, akavutwa mguu. Akagusa kweli, lakini mwamuzi alikuwa amegeuziwa mgongo na mbinu za adui, hakuona, akamrudisha mwenzake nje, na huko nyuma mateso yakazidi. Alipokuja kugusa mara ya tatu, mwamuzi akiona, ukumbi ulilipuka.

Siku hizi sheria husahaulika dakika ya nne. Wote wanne wamo ndani, kila mmoja anapiga pigo lake na kuanguka nje kumpisha mwingine, mwamuzi anatazama tu. Kama mtu anaweza kuingia anapotaka, kwa nini yule aliyekuwa anapigwa alihitaji kugusa mkono? Hapo mnajichimbia shimo wenyewe. FTR, timu ya wawili, wanaonyesha kwamba njia ya zamani bado inafanya kazi mbele ya ukumbi wa leo. Waachieni wengine nao waijaribu. Mwagizeni mwamuzi ahesabu tano kwa sauti na kwa vidole, na aliyezidisha atoke kweli.

Mwamuzi mwenyewe tunamheshimu kuliko mnavyodhani. Tunajua ndiye anayepeleka ujumbe wa muda uliobaki, anayembana mtu kiganja kumuuliza kama yu mzima, na anayepandisha mikono yake ikavuka kama herufi X pale jeraha linapokuwa la kweli. Ombi letu kwake ni moja: hesabu ya kwanza, ya pili na ya tatu zilingane. Mwamuzi anayekawia kuupiga ule mkono wa tatu, akauning'iniza hewani akingoja mtu achomoke, ameshatwambia kwamba pambano haliishi. Apige kwa mwendo mmoja siku zote. Aliyechelewa kuchomoka, ahesabiwe tatu, hata kama haikupangwa. Itatokea mara chache, na kila ikitokea hesabu zote nyingine zitapata nguvu.

Na sasa kamera, maana mwanamieleka anaweza kufanya yote hayo vizuri na mwongozaji wa picha akayafuta kwa kidole kimoja.

Kwa miaka mingi matangazo ya WWE yalikuwa na tabia ya kubadilisha picha pale pale pigo linapotua. Mkono unaondoka ukionekana na kamera ya kushoto, unafika ukionekana na kamera ya kulia, na kati ya hapo picha imetikiswa au imevutwa karibu ghafla. Nia ilikuwa kuongeza kishindo na kuficha pigo lililopungua. Kilichotokea ni kwamba jicho linapoteza mahali. Mtazamaji anahitaji kama nusu sekunde kuijua picha mpya: nani yuko wapi, anaelekea upande gani. Ukimpa picha mpya wakati uleule wa pigo, nusu sekunde hiyo ndiyo pigo lenyewe. Mbaya zaidi, pigo zuri na pigo bovu vinaonekana sawa, kwa hiyo yule anayejua kazi hapati faida ya kujua.

Tunakiri kwa furaha kwamba tangu mwanzoni mwa 2024, usimamizi wa matangazo ulipobadilika, kamera zimetulia zaidi. Zile picha ndefu zisizokatwa, zinazomfuata mtu kutoka kwenye gari, kupitia korido, hadi anapotokea mbele ya umati, zinampa ukubwa ambao fataki peke yake haziwezi kumpa. Endeleeni hivyo, na mwende hatua zaidi ndani ya kamba. Kwa ufundi wa kawaida, tunaomba hivi: kamera kuu, ile ya mbali inayoonyesha ulingo wote, ibebe kila kitu kinachohusu kukimbia, kurushwa kwenye kamba na kubwagwa. Kata picha kabla mtu hajainuliwa, au baada ya kutua. Kamwe usikate akiwa hewani. Kamera ya mkononi ya kando ya ulingo itumike kwa mikunjo na mibano, pale ambapo uso ndio unaosimulia.

Hart na Austin ndio ushahidi wetu. WrestleMania ya 13, tarehe 23 Machi 1997, karibu na Chicago. Bret Hart alikuwa ameutafuna mguu wa Steve Austin kwa pambano zima, akaukunja kwenye nguzo, akaupiga kwa kiti, kisha akamfunga ule mkunjo wake wa Sharpshooter. Austin damu inamtoka kwenye paji. Kamera ikashuka mpaka usawa wa turubai, ikatulia usoni kwake, na damu ikawa inapita katikati ya meno huku anajaribu kujiinua kwa viganja. Haikukimbia kuonyesha umati, haikurudia pigo la nyuma. Ken Shamrock, mwamuzi wa siku ile, akamuuliza, akamuuliza tena; Austin hakusema neno la kusalimu amri, akazimia, pambano likasimamishwa. Austin aliingia adui, akatoka stelingi, na Hart aliyeendelea kumshambulia mtu aliyezimia akawa amebadilishana naye nafasi. Mtu akizungumzia pambano hilo leo, anachokiona akilini ni ile picha moja iliyotulia.

Kuna mambo madogo ya picha yanayoharibu sana. Mtu anapopiga teke la kidevu, mkono wake hupiga paja ili sauti isikike. Sawa, ni ufundi wa zamani. Lakini kama kamera iko upande wa mkono huo, tunaona kofi la paja kabla ya teke. Mpigaji ajue kamera kuu iko wapi na aufiche mkono kwa mwili wake, au apige kidogo na kweli, bila sauti ya kukopa. Vilevile kuruka nje ya kamba: msituonyeshe wanne wamesimama wameinua mikono wakingoja kuangukiwa. Picha ibaki kwa anayekimbia, na hao wa chini wawe wanapigana hadi sekunde ya mwisho. Ila anayedaka lazima awepo na awe tayari. Katika lile lile pambano la 2009 Undertaker alipojirusha juu ya kamba, mtu aliyewekwa pale akiwa amevaa kama mpiga picha hakumdaka sawasawa, na Undertaker akatua vibaya upande wa kichwa na shingo. Kuficha udakaji kwenye picha kusiwe sababu ya kuupunguza.

Matangazo ya biashara tunayaelewa, yanalipa mishahara. Lakini mpangilio umekuwa uleule hivi kwamba tunautabiri: mtu akirukia nje, tangazo, tukirudi, tunamkuta amepigwa kabari chini katikati ya ulingo. Badilisheni. Tangazo liwe mara mojamoja wakati stelingi anaongoza, na tukirudi tuonyeshwe kwa sekunde kumi jinsi mambo yalivyogeuka. Kuhusu nembo za wadhamini katikati ya turubai, tunaomba mjaribu rangi zake zikiwa zimelowa jasho, na watu waliovaa buti, kabla ya onyesho. Mtu anayembeba mwenzake wa kilo 110 akiteleza hatua moja tu, anayeumia ni yule aliye juu.

Watangazaji nao wana nafasi yao. Gorilla Monsoon alikuwa akitaja sehemu za mwili kwa majina ya kidaktari, na Jim Ross alikueleza mtu huyu alicheza mchezo gani chuoni na kwa nini goti lake lile ni bovu. Wote wawili walikuwa wakijibu swali moja: kwa nini anafanya hivi sasa? Mtangazaji anayetumia pambano zima kutangaza onyesho la wiki ijayo, au kutaniana na mwenzake, anamwachia mtazamaji kazi yake. Pigo kubwa likitua, mtangazaji akae kimya sekunde mbili aache ukumbi usikike.

La mwisho ni usalama, na hatulitaji mwishoni kwa sababu ni dogo. Tarehe 13 Juni 2009, huko Hiroshima, mwanamieleka Mitsuharu Misawa alibwagwa kwa nyuma katika pambano, pigo ambalo alikuwa amelipokea mara nyingi sana, akafariki usiku huo. Alikuwa na miaka 46, na shingo yake ilikuwa imebeba miaka mingi ya kuangushiwa kichwa na kisogo ili kuwaridhisha watu kama sisi. Katsuyori Shibata, Aprili 2017, alimpiga mpinzani wake Okada kichwa kwa kichwa bila kukinga, akavuja damu kwenye ubongo, akafanyiwa upasuaji wa dharura. Big E alivunjika shingo Machi 2022 kwa kurushwa juu ya kichwa cha mwenzake nje ya ulingo, ambako hakuna mbao zinazonesa. Steve Austin aliumizwa shingo katika onyesho la SummerSlam la 1997 kwa kusimikwa kichwa chini na mpinzani aliyeketi badala ya kupiga magoti, na shingo hiyo ikamfupishia kazi. WWE mlipopiga marufuku viti kichwani mwaka 2010, hakuna shabiki wa kweli aliyeacha kutazama. Hatukuvikosa viti.

Ndiyo maana tunasema mambo haya mawili hayatengani. Mkunjo wa mkono unaoaminiwa na ukumbi wote unatosheleza kuliko kumrusha mtu kwa kisogo pembeni mwa ulingo. Marufuku inayofuata tunapendekeza iwe ya kumrusha mtu kwa kichwa au shingo popote nje ya turubai, na kugonganisha vichwa vitupu, kwa kampuni zote na ngazi zote, hasa kwa vijana wanaotaka kuonekana haraka.

Kama haya yote ni mengi kwa mara moja, anzeni na jaribio. Kwa miezi mitatu, kila onyesho la wiki litenge pambano moja la kati, dakika kumi na mbili, lenye masharti haya: kiungo kimoja cha kushambuliwa, pigo moja la kumalizia kwa kila mtu na hakuna kuchomoka, hesabu za mwamuzi mwendo mmoja, hakuna kukata picha mtu akiwa hewani, hakuna tangazo katikati. Wapeni nafasi hiyo wanaoijua kazi, si lazima wawe wenye majina. Kisha sikilizeni ukumbi dakika ya kumi, mlinganishe na dakika ya kumi ya mapambano mengine ya usiku huohuo. Vipaza sauti mnavyo tayari, pembeni na chini ya ulingo.

Wenu katika mieleka,
Mashabiki wa Afrika Mashariki